Ubao wa Nne

Fundi wa mitambo waliyemwita Kidole, kwa kuwa aliandika kwa kidole kimoja na bado akawashinda wenye kumi, aliiagiza mashine, kompyuta kubwa ya ofisi, iuachie ubao wa nne wa kumbukumbu. Mashine ikakataa. Akaagiza tena. Ikakataa tena, kwa adabu ileile.

"Vipi, imekununia?" aliuliza shangazi yake, mtafiti wa maji ya ardhini, aliyeketi pembeni na miguu yake iliyovimba juu ya boksi la karatasi.

"Inajifikiria tu, shangazi."

Shangazi alibakiwa na siku kumi na mbili astaafu. Hesabu yake ya njia za maji chini ya mji ilikuwa imekwenda miezi kumi na mitatu mfululizo, yote ndani ya kumbukumbu ya mashine, maana programu aliyoiandika ujanani haikujua kuhifadhi kitu njiani. Zilibaki siku tisa imalizike. Tangu asubuhi ubao wa nne, kati ya mbao nane za kumbukumbu, ulikuwa ukikosea na kusahihishwa: mara tatu kwa saa, mara arobaini, sasa mara mia. Likija kosa lisilosahihishika, mashine nzima ingezimika.

Lakini si ndiyo sababu waliinunua? Mbao zake huchomolewa mashine ikiwa macho. Unaiambia ihamishe vilivyomo, taa ya kijani inazimika, unavuta. Kidole mwenyewe alijigamba mbele ya wakubwa: "Nitatoa figo, na mgonjwa anaendelea kunywa chai."

Akasoma skrini upya. Namba za shangazi zilikuwa zimeshahama zote. Vilivyogoma ni vitu vichache vya kiini cha mfumo, ile programu mama inayoendesha mashine yote, na hivyo havihamishiki. Kiini kinapoamka hupanga vyombo vyake popote penye nafasi, hata kabla ya kusoma orodha ya mbao za kuchomolewa. Kama mpangaji aliyeingia gizani akachimbia nguzo za kitanda chake katika chumba cha wenyewe. Ili kisifanye hivyo kinaonywa mapema, kwa neno moja tu kwenye mstari wa amri za kuwashia.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Kila mashine ilitundikwa kadi, na mwenye kuiwasha aliweka alama mbele ya kila hatua. Kidole aliigeuza kadi. Hatua ya saba: neno la mbao za kuchomolewa. Hatua zilikuwa kumi na mbili, ila alama kumi na mbili hazikuwepo. Kulikuwa na mstari mmoja mrefu, uliochorwa kwa madaha kutoka juu hadi chini, na sahihi yake mwenyewe Kidole. Alikumbuka siku ile. Alikuwa akisimulia kisa, watu wanacheka.

"Ubao mbovu, shangazi. Kiwandani walilipua kazi."

"Tafuta uso mwingine, mwanangu, huo nimeulea mimi. Uliwahi kutia chumvi kwenye chai yangu ukaapa kwamba sukari imechacha." Akanyoosha mkono. "Lete kadi."

Aliisoma, akaweka ukucha kwenye mstari ule mrefu.

"Ni hii ya saba?"

"Ndiyo."

"Na sasa huwezi kukiambia hicho kiini?"

"Kimeshaamka. Huambiwa kinapoamka tu."

"Basi tukae."

Wakakaa. Makosa yakafika mia mbili kwa saa, kisha mia tatu. Saa tisa na dakika ishirini alasiri feni zilishusha sauti, kama mtu aliyechoka kubishana, zikanyamaza. Miezi kumi na mitatu haikuacha hata mstari mmoja kwenye skrini.

Shangazi alivaa viatu taratibu. Kidole alidhani anaondoka.

"Iwashe," alisema.

"Ya nini tena?"

"Iwashe sawasawa. Nataka nione ilivyopaswa kuwa."

Kidole akachukua kadi mpya. Akaweka alama moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye ya saba akaandika neno. Kiini kikaamka, kikaupisha ubao wa nne, kikatandika kwingine. Akauagiza utoke. Sekunde nne, taa ya kijani ikazimika. Akavuta, ukatoka laini, na mashine haikushtuka hata kidogo.

"Kumbe ni rahisi hivyo," alisema shangazi.

Kidole alibaki ameushika ubao. Ulikuwa bado una joto, na hakujua auweke wapi.