Poda Iliyomwagwa Mapema

Tangu saa kumi na mbili asubuhi Fidélie alikuwa ametuma namba zile mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja simu ikamjibu kwamba ujumbe haukwenda. Mkoa mzima wa Lualaba, huku Kongo, ulikuwa na kazi hiyo hiyo. Redio ilitangaza jana jioni kwamba matokeo ya mtihani wa taifa yametoka, na sasa kila nyumba yenye mtoto aliyemaliza sekondari ilikuwa inatuma namba ya mtahiniwa na kungoja asilimia. Mtandao ukazidiwa, ukalala.

Yeye alikuwa na namba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya binti yake Tatiana, msichana wa miaka kumi na tisa, na mtaa mzima wa Kasulo ulijua kwamba Tatiana anangoja matokeo. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe, Fidélie. Hiyo aliijua Tata Polycarpe, mkurugenzi wa shule anakofundisha, na Mungu.

Tuseme ukweli mapema tusije tukasumbuana. Mama Fidélie, mwalimu wa darasa la tano kwa miaka kumi na minne, hakuwa na diploma. Aliacha shule mwaka wa mwisho, mimba ya Tatiana ilipoanza kuonekana. Baadaye aliombwa amshikie mwalimu mgonjwa nafasi kwa wiki mbili, mgonjwa hakurudi, na wiki mbili zikawa miaka. Kufundisha alijua, tena kuliko wengine wenye karatasi zao zilizotiwa fremu ukutani. Lakini mwaka huu alikuja inspekta mwenye miwani na maneno machache: mwezi wa tisa, asiye na diploma haingii darasani. Basi akajiandikisha pamoja na wale wanaojisomea wenyewe, akafanya mtihani katika kituo cha upande wa pili wa mji. Tatiana, aliyekuwa akifanya wake siku zile zile, aliambiwa kwamba mama ameitwa kusimamia watahiniwa. Mama wa miaka thelathini na minane kubanana kwenye benchi na watoto wa watu si jambo la kutangazia majirani.

Sasa ilikuwa saa nne, masomo ya likizo yanaendelea, na somo la siku hiyo, kwa bahati ya kuchekesha au ya kuudhi, lilikuwa vyombo vya mawasiliano. Wiki iliyopita aliwaagiza watoto kila mmoja alete kitu kimoja cha kupelekea habari. Meza ikajaa. Kulikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, kengele ya shule ya Jumapili, kipaza sauti cha kanisa kilichokaukiwa betri, na rimoti ya televisheni ambayo televisheni yake iliuzwa zamani. Dimitri alileta ukurasa wa gazeti uliofungia mikate, bado unanuka mafuta. Gradi alileta motorola, redio ile ya mkononi ambayo walinzi wa mgodi huitumia kuitana.

"Maîtresse, ni ya papa. Papa iko sentinelle. Alisema tusibonyeze."

"Basi hatubonyezi," Fidélie alisema, macho yake yakiwa kwenye simu. Alikuwa ameiweka mezani katikati ya vile vitu vingine, yeye ambaye kila siku huwanyang'anya watoto simu. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya somo. Alijua anajidanganya.

Akaandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Chaki ilimkatikia mkononi mara mbili.

"Musikilize. Kupeleka habari kunaomba bintu ine: mwenye kutuma, habari yenyewe, njia ya kupitia, na mwenye kupokea. Kimoya kikikosa, kazi ni bure. Redio inasema na bantu bengi, lakini haiwezi kukusikia. Gazeti ni vile vile, tena yenyewe inangoya mupaka uijue kusoma. Motorola, mumoya anasema, mwingine anangoya. Bawili habawezi kusema mara moya."

"Na mama na papa bakigombana?" Dimitri aliuliza. "Bawili banasema mara moya."

Darasa likacheka. Siku nyingine Fidélie angecheka nao, angemwambia Dimitri kwamba ndiyo sababu hawasikilizani. Leo alisikia kicheko kwa mbali tu. Alitembea hadi dirishani, akarudi mezani, akaenda mlangoni, akarudi, hatulii kama mtu aliyekalia siafu. Watoto ni watoto lakini macho wanayo.

"Maîtresse, muko mugonjwa?" aliuliza Tina, anayekaa benchi la mbele na ambaye shingo yake ni ndefu kuliko adabu yake.

"Siko mugonjwa. Soma pale ubaoni."

Simu ikatikisika juu ya meza, ikasogea yenyewe mpaka ikagonga kengele. Fidélie aliruka, lakini Tina alikuwa karibu zaidi na hakuhitaji hata kusimama.

"Réussi!" alipiga kelele, yaani amefaulu. "Cinquante-trois pour cent! Tatiana amereussir!"

Fidélie akaichukua simu. Kabla ya ile asilimia hamsini na tatu ilikuwepo namba ya mtahiniwa, tarakimu nyingi, na alitazama mbili za mwisho. Sifuri na nane. Ya Tatiana inaishia na arobaini na moja. Sifuri nane ilikuwa yake.

Amefaulu yeye. Zaidi ya miaka kumi na tisa tangu aache shule! Alitaka kupiga vigelegele, alitaka kukaa chini sakafuni na kulia. Na mbele yake watoto ishirini na sita walikuwa wamesimama juu ya mabenchi wakiimba jina la Tatiana. Alifungua mdomo awaambie kwamba si Tatiana. Lakini wangeuliza, kama si Tatiana ni nani? Na jibu lingewafundisha kwamba maîtresse wao, anayewachapa kwa maneno makali wakikosa hesabu, hajawahi kumaliza shule. Akaufunga mdomo. Hakusema uongo, lakini alinyamaza, na kwa saa ile kunyamaza kulikuwa kubaya vile vile.

Tata Polycarpe alikuwa amefika mlangoni kwa zile kelele. Aliposikia neno réussi alitabasamu, akapiga makofi, akawaachilia watoto waende nyumbani. Walitoka wote kwa pamoja, Tina mbele, vumbi nyuma. Chumba kilipokuwa kitupu ndipo alipouliza kwa sauti ya chini.

"Ni yenu ao ni ya mutoto?"

"Ni yangu, Tata."

"Mungu asifiwe! Na ya mutoto?"

"Haiyaingia."

Tabasamu lilimtoka mkurugenzi polepole. Alitazama njia ambayo watoto walikuwa wamepita, wala hawakuonekana tena.

"Basi mwende, Mama. Mwende mbio."

Maji yakimwagika hayazoleki, na Fidélie alijua, lakini alikimbia hata hivyo. Alikimbia na viatu vya kufundishia, akazunguka ukuta mrefu wa machimbo, akapita mashimo yaliyofunikwa maturubai ya plastiki, akapita wanaume wenye matope mpaka kwenye nyusi waliomuuliza Maîtresse kunani. Alimpigia Tatiana, mtandao ukakataa. Akapiga tena. Alijisemea kwamba bado kuna tumaini, kwamba ujumbe wa pili utaingia nao utakuwa mzuri, na mambo yatajinyoosha yenyewe bila mtu kusema kitu. Pikipiki ilimkosa kwa shubiri moja, dereva akamtukana, naye hata hakugeuka.

Ujumbe wa pili uliingia karibu na duka la mkate. Arobaini na moja mwishoni. Échec, ameanguka. Asilimia arobaini na nne.

Alisimama pale katikati ya njia. Aliichukia simu ile kama mtu anavyomchukia jirani mchongezi. Kisha likamjia wazo, nalo lilikuja limevaa vizuri. Nani atajua? Amwachie Tatiana ile hamsini na tatu, watoto wameshasema, mtaa umeshasikia. Lakini Jumatatu shule ya Tatiana itabandika orodha ukutani na wenzake wote watasoma. Na mwezi wa tisa je, yeye ataingia darasani na nini? Hapo ndipo aliona aibu ya kweli, kwa sababu katika hesabu zake alikuwa amejiweka na yeye pia.

Alisikia nyumba yake kabla ya kuiona. Mama Ntumba, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anapiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Watoto wa darasa la tano walikuwa wamejaa uani. Na katikati yao alikuwa Tatiana, mweupe kuanzia nywele mpaka kiunoni, maana kwetu anayefaulu humwagiwa poda mpaka asitambulike. Alikuwa anacheza. Fidélie hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona binti yake akicheza vile.

"Mama!" Tatiana alimrukia shingoni. Alimnong'oneza, poda ikimwingia Fidélie sikioni. "Mi nilijua nimeanguka. Maths ilinishinda kabisa. Nilikuwa naogopa kukuambia. Onyesha message, niione na macho yangu."

Fidélie alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo. Alimpa simu. Alingoja. Ule muda wa kungoja ulikuwa mrefu kuliko asubuhi yote.

"Hii code si yangu," Tatiana alisema.

"Ni yangu."

"Yako ya nini?"

"Nilifanya examen. Mwezi wa sita. Sikukuwa nasimamia bantu. Yako ni ile ya chini."

Tatiana akasoma ya chini. Uso wake haukuonekana vizuri kwa sababu ya ile poda, ila midomo.

"Na batoto banakuya kuniambia, na we ulikuwa unajua?"

"Yako ilikuwa haiyaingia. Lakini nilijua ile si yako. Nilinyamaza, mwanangu. Niliona haya."

Upande wa mbele walikuwa wanaimba. Tatiana alimrudishia mama simu, akarudi upande wa mbele. Fidélie alimfuata. Alimwona anamnyang'anya Mama Ntumba kopo la poda alilolibana kwapani, anageuka, na kabla Fidélie hajajua la kufanya, kopo zima lilimshukia kichwani. Tatiana hakumwaga kwa upole, alipiga kitako cha kopo mpaka cha mwisho kikatoka.

"Chukua. Ni yako."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Walidhani mtoto anamheshimu mzazi wake. Tatiana akainua mkono mpaka wakatulia.

"Ni Mama njo amereussir," alisema kwa sauti kavu. "Diplôme ya Mama. Mi nimeanguka."

Mwiko wa Mama Ntumba ulibaki hewani. Watoto walimtazama maîtresse wao, mweupe, macho yakimwasha, machozi yakichora njia mbili mashavuni. Hakuna aliyejua kama ni wimbo au kilio kinachofuata. Tina peke yake ndiye aliyefungua mdomo, na kwa mara ya kwanza alisema polepole.

"Maîtresse, kumbe na nyinyi munafanyaka examen?"

"Ee," Fidélie alijibu. "Na mi naogopaka, kama nyinyi."

Wageni waliondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti za msibani. Mama na binti walikaa kwenye kizingiti cha mlango, hawagusani. Tatiana alikuwa anajifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja, akirudia kile alichokwisha kukifuta.

"Maths ulipata ngapi?" hatimaye aliuliza.

"Sijui. Bado habayatoa."

"Ulisomea wapi? Mi sikukuona hata siku moya na daftari."

"Nilikuwa nafichaka. Chini ya gunia ya bunga."

Tatiana akasimama, akaingia ndani. Fidélie akabaki pale mlangoni na poda yake. Baada ya kitambo akasikia gunia la unga linaburutwa sakafuni, kisha kurasa za daftari zikifunguliwa moja moja.