Macho ya Samaki wa Mti

Zakariya alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa umemkaa begani na kwenye vidole, pale panaposhika kisu. Tangu astaafu bandarini alikuwa akichonga samaki wa mti nyumbani kwake, ghorofani, mtaa wa Kuze. Ni vijisamaki vya msufi, vyepesi, ambavyo wavuvi huvifunga kwenye mshipi na kuvikokota nyuma ya boti ili nguru adhani amepata mlo. Nguru, pamoja na ukali wake wote, hudanganyika upesi kuliko mtoto mdogo.

Alichonga, akapiga msasa, akatia kipande cha risasi tumboni, kisha akamvuta kila mmoja ndani ya beseni la kufulia aone kama anatikisa mkia. Aliyelala ubavu alirudishwa kwenye kisu. Rangi ya mgongo aliitia mwenyewe, lakini macho hakuyagusa. Macho yalikuwa kazi ya mkewe, Bi Nabiha, fundi wa hina na piku, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, ambaye maharusi wa Makadara walikuwa wakimgombania, kwa mkono wake usiotetemeka. Wavuvi walisema nguru hurukia jicho, na kwamba jicho alilolipaka Bi Nabiha lilimtazama samaki mpaka akaona haya kukataa.

Kisha macho ya Bi Nabiha mwenyewe yakaingia mtoto wa jicho. Yalipasuliwa, na hayakurudi sawa. Siku moja Zakariya akaokota samaki aliyekauka, akakuta jicho limekaa shavuni. Aliyefuata alikuwa nalo karibu na mkia. Angemwambiaje mkewe? Hina alikuwa ameshaiacha, zimebaki nukta hizi nyeusi tu, na kumnyang'anya hizo ni sawa na kumwambia akae kitako angoje siku zake. Basi ikawa kila Bi Nabiha akienda kujinyoosha baada ya chakula cha mchana, Zakariya huurudisha mlango wa chumbani polepole, akafuta yale macho kwa kitambaa cha spiriti, akayapaka upya.

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Bega lilimwambia aache, mwanawe Ishaq alimwambia aache, na pensheni ilitosha. Lakini akiacha kuchonga, mkewe atapaka macho ya nani? Kila mteja alipoagiza wengine, alinung'unika moyoni na mdomoni akasema inshallah.

Alasiri moja vidole vilimlegea, kichupa cha rangi nyeusi kikaanguka kikamwagika mkekani. Alikuwa bado anahangaika nacho aliposikia sauti ya mkewe kutoka chumbani, kavu, isiyo na dalili ya usingizi, ikimwambia kuna kitambaa kikuukuu dirishani.

Zakariya akaingia. Bi Nabiha alikuwa amelala chali, leso kifuani, macho wazi.

"Hukulala, Mama Ishaq?"

"Usingizi wa mtana siuwezi mimi, Baba Ishaq. Nalala hapa nikupe nafasi uyatengeze yale mato ya samaki."

Zakariya akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliuliza amejua tangu lini, akajibiwa tangu samaki wa kwanza, maana harufu ya spiriti ilipita chini ya mlango. Yeye hata kichwa cha samaki hakioni, alisema. Huiweka brashi pale Mungu anapoipeleka. Zakariya akamuuliza kwa nini basi hakuacha.

"Ningewataje kupaka? Nalisema nikiweka brashi tini, nawe utaweka kisu, uniketie hapa ukiwaza kufa. Lakini n'mechoka. Shingo yaniuma. Na hao samaki wako sikupata kuwapenda."

Zakariya alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Kilichokuja ni uchungu. Aliwaza alasiri zote zile, yeye upande huu wa mlango na kitambaa mkononi, mkewe upande ule akisikiliza feni. Mara ngapi alikuwa na neno la kumwambia, akalimeza asije akamwamsha.

Akamwambia asogee. Bi Nabiha akasogea ukutani, na Zakariya akajilaza na rangi yake vidoleni juu ya shuka nyeupe. Mwanamke yule, ambaye chembe ya mchanga kitandani ilitosha kumtibua, hakusema lolote kuhusu shuka. Alimuuliza tu ni maneno gani aliyokuwa akiyameza.

Zakariya akafikiri sana. Mengi alikuwa ameshayasahau.