Gharama ya Kujitoa

Mwaka 1956, kijiji kizima kilipopiga kura kujitoa kwenye muungano wa vyama vya pamba ili kukwepa makato, Generoza peke yake alikataa kunyoosha mkono. Msimu ulipofika, lori la muungano likaja kuchukua mizani na magunia.

“Kumbe hata mizani si yetu?” akauliza Mayala, mwenyekiti wao.

“Nilikwambia, baba, ukasema mjane hajui biashara,” akajibu Generoza.

Wakachanga, wakakodi lori mjini Bariadi la kupeleka pamba kiwandani, na nauli ikazidi makato yote waliyoyakimbia. Mayala akaitisha mkutano, akataka watu wachange tena kwa safari ya pili. Generoza alikuwa amechoshwa na maneno. Akajitwika pamba yake, akaenda kujiunga na chama cha kijiji jirani, kilichobaki kwenye muungano. Alipogeuka njiani, akaona nusu ya mkutano inamfuata.