Printa ya Mama Muli

"Mlimpanua mwanangu uso mpaka akawa mtu mwingine!"

"Wavinya, shusha sauti. Tulikuwa na haraka."

"Haraka ya nini? Alikuwa anachelewa wapi?"

Hapo wapangaji wa ploti nzima wakachungulia. Hata mimi, niliyekuwa nimetoka na beseni tupu ili nionekane naanika nguo, nilisogea karibu. Warigia, Mama Mumbi wa nyumba ya pili, alikuwa ameshika programu ya mazishi ya Muli, mtoto wa pekee wa Wavinya, aliyetutoka mwezi wa tatu kwa homa ya mapafu. Maskini, alikuja kusaidia. Alisikia Wavinya anataka kununua printa amtengenezee Muli albamu, akaona ni hasara. Si akate tu hii picha ya mbele abandike? Kubwa, ya rangi!

Shida ni hiyo picha yenyewe. Kamati ya mazishi hapa Kiuu iliendeshwa na Warigia, na alipofika saiba kuchapisha programu alimwambia mwenye mashine ajaze ukurasa, ili hata waliokaa nyuma ya hema wamwone marehemu. Picha ilikuwa nyembamba, basi ikavutwa huku na huku. Muli wetu, kijana aliyepita mlangoni kama ufagio, siku ya kumzika alitutazama kutoka mikononi mwetu na mashavu ya diwani.

"Saiba sirudi," Wavinya akasema. "Nitamtoa nikiwa kwangu, mlango umefungwa." Akaingia, akaufunga kweli.

Karatasi ndiyo kazi yake. Kadi za harusi, albamu za ubatizo, maua ya manila, ile karatasi ngumu. Nusu ya watoto wa Kiuu wamo kwenye albamu zake. Ya Muli tu ndiyo hakuwa ametengeneza. Kila mara alisema atapata nafasi.

Kesho yake nikamsindikiza Thika, maana mimi na duka lenye watu hatuachani. Mwenye duka la printa, Austine, alikuwa na mdomo kama wangu, tukapatana papo hapo.

"Chukua hii ya leza, mama. Inamwaga kurasa kama mvua!"

Wavinya akatoa manila yake kwenye mkoba. Mashine ikaivuta, ikaguna, ikaitema imekunjika.

"Karatasi yako ni nene, mama."

"Ndiyo karatasi yangu."

Austine akaleta mbili za wino, zile ambazo karatasi inaingilia nyuma na kushuka bila kujipinda. Ya kwanza ikamtoa Muli kutoka simu ya Wavinya, akiwa na sweta ya shule, anacheka, pengo lake linaonekana. Anang'aa! Nilipiga makofi kama niko harusini. Wavinya hakupiga. Alipaka gundi nyuma ya picha, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha juu. Bluu ya sweta ikapanda hadi kidevuni. Akaikunja ile picha taratibu, akaitia mkobani. Hangemwacha kwenye takataka za watu.

Ya pili ilitoa rangi iliyopoa, kama picha iliyokaa ukutani miaka. Akapitisha kidole. Muli akabaki vilevile.

"Wino wa hii hauyeyuki, ni kweli," Austine akasema. "Lakini sikufichi, mtoto mzuri hivi anataka ile ya kung'aa. Tumia tu gundi kavu."

"Na nikimlilia?"

Austine akazima redio. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tukitoa nyingine, nijaze ukurasa?"

"Mwache alivyo."

Jioni, akiwa na ile ya pili, Wavinya alifunga mlango, lakini printa haifichiki. Krr, krr, ploti nzima tukamsikia Muli akitoka. Warigia hakuvumilia. Alibisha akiwa amekumbatia programu zote zilizobaki, na mimi nikajikuta dirishani.

"Nimekuletea hizi. Choma, tupa, fanya unavyo..." Akaona meza. Picha zilikuwa zimetandazwa zikauke, kila moja na nafasi nyeupe pande mbili, na katikati kijana mwembamba. "Ngai! Kumbe nilikuwa nimeanza kumkumbuka na yale mashavu." Programu zikamteleza. "Nisamehe, Mama Muli."

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Tuliogopa, tukarudi kumwita Wavinya, kama vile hakuwahi kuwa na mtoto. Sasa jina lilimtoka Warigia tu, na mimi nikasubiri vita.

Wavinya akazikusanya picha, akaziweka juu ya kabati, akafunua sufuria. Harufu ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ikanifikia dirishani.

"Mama Mumbi, nawa mikono, usije ukamshika na mafuta. Na wewe wa dirishani, Mama Kiama, zunguka mlangoni. Bado napika ya wawili, nimeshindwa kuzoea. Ingieni mle."