Damu ya Mama Haina Dawa

Ilibidi daktari arudie, kwa sababu mara ya kwanza nilimkodolea macho tu. Damu ya mama yangu haina dawa. Hata chembe.

"Haiwezekani," nikasema. "Mimi mwenyewe namwekea kidonge mkononi kila asubuhi."

Mama alikuwa kwenye majaribio ya dawa mpya ya maumivu, maana mgongo ulimtesa mpaka akaacha cherehani. Daktari huyuhuyu ndiye aliyetueleza kwamba kwenye neva zetu kuna vipokezi, tuseme viti vidogo. Morfini, ile dawa kali ya maumivu, ikivikalia, maumivu yanatulia, ila pumzi nayo inaweza kufifia. Dawa hii mpya inakalia viti vilevile, na wanatumaini haitagusa pumzi. Wanatumaini tu, ndicho kinachojaribiwa. Kila alipoulizwa anaumwa kiasi gani, sifuri hadi kumi, Mama alijibu mbili, tena kwa tabasamu.

"Labda ni mwili wake," daktari akasema, naye hana uhakika. "Mwili una dawa zake, zinakaa kwenye vipokezi hivyohivyo. Mtu akiamini anatibiwa, wakati mwingine huzitoa."

Nilitoka pale kichwa kinazunguka. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nikichanganyikiwa ndiyo huwa mbaya zaidi. Nimwamini nani sasa, damu au mama yangu?

Nyumbani nilimkuta Mama Mkubwa, dada yake Mama, jikoni anasugua sufuria. Amesimama wima. Nikaganda mlangoni. Juzijuzi tu huyu alikuwa anatembea kwa kushika kuta, kwa maumivu. Naye aliomba kuingia kwenye majaribio, wakamkataa kwa sababu ya pumu. Na mimi, kwa akili zangu zote, nilikuwa nasifia mafuta yake ya kuchua kwamba ndiyo yaliyompa nafuu.

Nikaenda chumbani. Mama alikuwa anajiinua kitandani, ameuma meno. Aliponiona akalegeza uso haraka.

"Unampa dawa zako," nikasema.

"Punguza sauti. Anajua ni vitamini."

"Mama, ana pumu. Anaweza kulala asiamke."

"Mbona anaamka? Anaamka na anaimba." Akajipangusa jasho. "Mimi naumwa nanyamaza. Yeye hawezi, mwanangu. Wewe ungemeza, dada yako analia hapo pembeni?"

Nilitaka kumgombeza, nilitaka kumkumbatia, na sikujua kipi kianze.

"Na ile mbili unayowaambia?"

"Ningesema nane, wangeniondoa, na vidonge vingekwisha."

Simu yangu ikalia. Alikuwa daktari. Ameshindwa kuelewa, akasema, anataka kujua Mama leo anaumwa kiasi gani.

Mama aliisikia sauti yake. Akaninyooshea vidole viwili, akavishikilia hewani. Jikoni Mama Mkubwa alikuwa anaimba. Nikatega sikio kutafuta pumzi yake katikati ya wimbo, kama imepungua au ni nzima, nikashindwa kutofautisha. Dawa inamponya au inamuua? Hata aliyenipigia hakuwa na jibu la hilo.

"Nane," nikasema kwenye simu. "Na dawa anameza dada yake."

Mama akashusha mkono taratibu, akaulaza juu ya shuka.

"Haya," akasema. "Nenda ukamwambie wewe kwamba kuanzia kesho ataumwa."