Julien Kwenye Shuka la Parokia

Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulikuwa barabarani na makupekupe, mapanga ya kufyekea, ukikata majani ya serikali. Hiyo ndiyo salongo, kazi ya lazima ambayo kwenye hotuba iliitwa furaha ya wananchi. Mtaa ulikuwa na desturi yake: aliyeona filamu ya Jumapili anaisimulia, asiyeiona anamkatia majani yake. Ndiyo maana Evariste seremala hakuwa amekata hata jani moja tangu mwaka wa sabini na nne. Kila Jumapili, saa tisa, yeye ndiye aliyesimama kando ya shuka jeupe katika ukumbi wa parokia, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia, akiwageuzia watu maneno ya filamu kwa Kiswahili kupitia bomba la bati.

"Ile ya juzi ilikuwa mubaya," alisema Vahwere, muuza karanga. "Farasi mingi, akili kidogo. Mutu moja anaua watu makumi mbili, na kofia yake haianguke!"

"Mama, weye unaendaka kuangalia filme ao kofia?"

"Ninaangalia yote, nililipa. Hata bwana ya Wivine nilimuona. Alipita nyuma ya farasi."

"Alipita kweli," Evariste akasema. "Lakini amekonda."

Wivine aliendelea kukata. Naye alikuwa amemwona.

Julien, mume wake, aliingia katika shimo la dhahabu la kampuni nje ya mji, yeye na wenzake kumi, Jumanne moja ya mvua mwaka wa sabini na sita. Hawakutoka. Siku ileile katapila ililifukia shimo, na kampuni ikaandika kwamba wote kumi na mmoja ni watoro, wamevuka mpaka kwenda Uganda. Mtoro hana matanga. Padri hamsomei misa, ukoo hauketi chini kwa ajili yake, na mke wake si mjane wala si mke. Miezi kumi na minne Wivine alipeleka ombi lilelile kwenye ofisi ya Zone, serikali ya wilaya: neno moja lifutwe, neno moja liandikwe. Mtoro litoke. Amekufa liingie.

Jumapili iliyofuata ilikuwa filamu ya Kihindi. Wasichana thelathini walicheza wakizunguka chemchemi, na katikati yao alisimama Julien na kofia yake ya chuma, matope hadi magotini. Wasichana walimpisha kwa adabu.

"Amesimama muzuri," watu walisema kwenye salongo. "Lakini kucheza hajue."

"Nani alimufundisha kucheza? Ni mutu wa kazi, yule."

Jumapili ya tatu ilikuwa filamu ya karate. Julien alitokea nyuma ya ukuta wa hekalu, akapita katikati ya mateke na ngumi bila kuguswa, akaja mbele mpaka uso wake ukajaza shuka lote. Shuka lililowa upande wa chini. Kisha akafungua mdomo.

Evariste hakujua Kichina, kama asivyojua Kihindi wala Kiingereza. Miaka yote alikuwa akibahatisha, na watu walijua. Siku ile hakubahatisha.

"Anasema: siye wote kumi na mmoja tuko hapa. Anasema: maji iliingia asubuhi. Mpaka saa sita tulikuwa tunagonga. Anasema: walitusikia. Katapila ilikuja siye tukiwa tunagonga."

Padri aliyeendesha mashine, mzungu mzee mwenye kikohozi, alikuwa na desturi ya kuziba lenzi kwa kofia yake kila watu wa kwenye filamu walipokaribia kubusiana, mpaka dhambi ipite. Akaweka kofia. Katika giza watu mia tatu walisikia kugonga kule, pole pole, chuma juu ya jiwe. Kofia ilipoondolewa, mabingwa wa karate walikuwa wanakula wali. Watu wakapiga makofi.

Jumamosi maoni yalikuwa mengi.

"Hiyo ndiyo filme! Inasema kweli."

"Muanzo ulikuwa muzuri. Muisho, kofia ilikuja mbio."

"Na sauti ya Julien iko vilevile."

Chef, yaani mkuu wa mtaa, Louis, alisimama kivulini na daftari. Aliandika yote.

Jumatatu Wivine aliitwa ofisini. Alioga, akafunga kikwembe, kitenge chake cha misa, maana aliamini neno lake linaingia.

"Citoyenne," afisa wa Zone alisema, akimwita mwananchi kama serikali ilivyotaka, "unaomba tuandike bwana yako alikufa. Lakini watu mia tatu walimuona."

"Ndiyo, chef."

"Alikuwa anasimama?"

"Anasimama."

"Anasema?"

"Anasema."

"Sasa, mutu mwenye anasimama na kusema, ni mufu?"

"Chef, maneno yenye alisema, muliandika?"

"Ofisi haiandikake mambo ya filme."

Evariste aliitwa kama shahidi. Alivua kofia, akaapa kwamba alimwona Julien kwa macho yake mawili. Alipoulizwa kama Julien alikuwa anapumua, alifikiri, akasema shuka lilikuwa linatikisika. Hakusema uongo hata kidogo. Afisa akafuta *mtoro*, akaandika *muzima, kazi: sinema*, akapiga muhuri. Neno moja lilikuwa limefutwa, kama mama alivyoomba.

Miaka ikapita. Katika sensa karani alimuuliza Wivine mume wake yuko wapi, naye akajibu, "Mu filme," na karani akaandika *safarini*. Televisheni ya kwanza ilipofika kwenye baa karibu na soko, mwaka wa themanini na nne, pamoja na kaseti za michezo ya kuchekesha ya zamani, Julien alitokea humo pia, katika sebule za wazungu, ameketi kwenye ukingo wa kiti ili asikichafue. Wenzake kumi walisimama nyuma ya pazia. Kila mara alifungua mdomo. Evariste, aliyeketishwa hapo na bomba lake la bati, alitazama mlangoni kwanza.

"Anasema: anawasalimia wote."

Na wateja wakaitikia salamu.

Jumamosi, majani yalikuwa yamerudi marefu kama kawaida. Watu walibishana kama mchezo wa juzi ulistahili kicheko kingi vile.

"Na weye, mama Wivine?" Vahwere akauliza. "Uliionaje?"

"Bado wanagonga," Wivine akasema.

Hakuna aliyelihesabu hilo kuwa ni kusimulia. Aliinama, akakata majani yake mwenyewe.