Mhuri Uliokataa Kuzaliwa

Haya, tegua hiki: ana mdomo mmoja tu, wageni wanamjia na chupa sita anazijaza zote, lakini ukimwuliza tumboni mna nini, kimya. Nani huyo? Mtungi? Mtungi wapi! Umeshindwa, nipe mji. Ni kisima cha Bibi Mkaa, pale chini ya mgodi wa makaa ya mawe, na hii ni habari ya siku uvumilivu ulipomwisha.

Jina hilo walimpa majirani, maana kila jambo aliliandika kwa kipande cha mkaa nyuma ya mlango wa jiko.

Mpima maji wa mgodi alikuja kila baada ya miezi mitatu. Anachota kijitoni, anachota kisimani, anachovya kipimo chake cha mkononi, anajaza chupa, anazipanga kwenye sanduku la barafu, huyo! Bibi anamwuliza swali lile lile: "Mwanangu, maji haya yanafaa au hayafai?" Naye jibu lile lile: "Tusubiri maabara, bibi."

Maabara yenyewe sasa! Safari ya kwanza barafu iliyeyuka njiani, chupa zikakataliwa. Ya pili maandishi yalifutika, ikawa haijulikani ipi ya kisima, ipi ya kijito. Ya tatu majibu yalitoka, lakini yakakwama kwa mkuu wa ofisi.

Leo ilikuwa ya nne, na leo bibi hakuwa peke yake. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani na kichanga cha siku kumi na mbili, ananyweshwa maziwa ya unga ya kopo. Bomba la mjini lilikuwa mwendo wa saa nzima, na kisima hiki hapa, hatua ishirini.

"Mama, nachemsha maji ya mtoto," binti alisema asubuhi, chupa ya chai mkononi.

"Usichemshe hayo."

"Wewe umeishia darasa la saba, mama. Mtaalamu akisema hayafai, nitafunga safari ya bombani."

Ndipo mtaalamu akatokea, buti zimejaa tope.

"Majibu yako wapi?" bibi alimpokea nayo, hata salamu haijakamilika.

"Yanangoja mhuri, bibi."

"Mhuri! Miezi tisa, baba! Mwanangu kabeba mimba, kazaa, mtoto huyo analia ndani. Mhuri wenu bado tu haujazaliwa? Mkunga wake nani?"

Mpima maji alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akainama kisimani. Alichovya kipimo, akakitazama, akakigeuzia kifuani haraka. Lakini bibi alikuwa ameshachungulia begani kwake, kama siku zote.

"Nne nukta nane," alisema.

"Hiyo si rasmi, bibi."

"Njoo."

Akamkokota mpaka jikoni, akafunga mlango, akamwonyesha mgongo wa mlango: 7.1. Chini yake 6.4. Chini yake 5.6. Akachukua mkaa, akaongeza 4.8, akakandamiza mpaka kipande kikavunjika.

"Siku ya kwanza ulinifundisha mwenyewe, na kile kifaa chako kipya unakiringia. Saba, maji yametulia. Yakishuka yanakuwa makali kama ndimu, yanakwangua miamba na kuja na sumu zake, zisizotoka kwa kuchemsha. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi sina haja ya maabara. Nataka kinywa chako. Huyu hapa hanisikii mimi."

Binti alikuwa amesimama karibu na jiko, sufuria imeanza kutoa mvuke.

Mpima maji alizitazama namba zake mwenyewe kwa mwandiko wa mwingine. "Nikisema kabla ya mkuu, kazi sina," alinong'ona.

Kichanga alilia chumbani. Binti alichota kijiko cha maziwa kutoka kwenye kopo.

"Hayafai, dada," mpima maji alisema. "Usimpe. Hata ukiyachemsha, usimpe."